Opereta Aliyekatiza Salamu

Watu wa Kilosa wa wakati ule wakikuambia kwamba Opereta hakuwa na adabu, wasikilize mpaka wamalize, kisha njoo kwangu. Hawadanganyi. Mimi mwenyewe nilimsikia akimkatiza mzee wa watu katikati ya salamu. Nilikuwa mfagizi wa posta yetu, na mchemsha chai, na mmwagiliaji wa maua ya Bwana Posta, na chumba cha simu ndicho nilichokifagia mwisho kila siku, kwa makusudi, kwa sababu nilipenda kumsikiliza akifanya kazi.

Jina lake ninalo. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanipotei. Ukiniuliza siku ya sherehe ya Uhuru nani aliketi karibu na nani, nitakuambia, na mama zao pia nitakuambia. Lake alinitajia mara moja tu, tukichambua mchele wa sikukuu, na papo hapo akaniomba nisilitumie. "Kwenye waya sina jina," alisema. "Nimeshazoea." Basi mji mzima ulimwita Opereta, hata watoto, hata mchungaji alipokuwa akimpa komunyo nadhani moyoni alisema Opereta.

Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, visikizio kichwani, viatu amevivua chini ya meza. Alisema miguu ikibanwa, masikio nayo hayasikii vizuri. Simu zote za wilaya zilipitia mikononi mwake: za mashamba ya mkonge, za maduka, za ofisi za serikali, na za watu waliokuwa wanatafuta gari la wagonjwa la hospitali. Gari lenyewe lilikuwa moja, Landrova, na dereva wake alikuwa Hamisi.

Sasa ugomvi wake na watu ulianzia hapa. Simu ya mbali ilikuwa ya dakika tatu. Mtu anatoka porini, amekimbia, nyuma ameacha mgonjwa anayekata roho, anapewa simu aishike, na kitu cha kwanza anachofanya ni kusalimia. Na hasalimii kidogo. Shikamoo. Habari za kazi. Watoto hawajambo? Mvua huko imenyesha? Na akiulizwa yeye habari za kwake, anajibu nzuri, maana ndivyo sote tulivyolelewa. Habari mbaya haitangulii, huanza nzuri, kisha ndipo unasema "ila". Opereta aliniambia kwamba watu wengi waya wao ulikatika kabla hawajafika kwenye "ila".

Kwa hiyo alijiwekea utaratibu wake. Ukimwomba hospitali, hakuunganishi kwanza. Anakuuliza: uko wapi, mgonjwa nani, ana nini. Akishapata hayo matatu ndipo anachomeka waya. Ukianza kusalimia, anakukata.

Namkumbuka Mzee Chimile wa Munisagara, mjukuu wake ameumwa na nyoka. Nilikuwa na ufagio mkononi. Sauti ya mzee ilikuwa kubwa, ikatoka kwenye visikizio mpaka nikaisikia.

"Haloo, hamjambo huko Kilosa?"

"Mahali, baba."

"Nasema hamjambo?"

"Baba, uko wapi na nani anaumwa?"

"Wewe binti, baba yako ni nani?"

"Baba yangu nitakutajia baadaye. Nani anaumwa?"

Mzee akatoa maneno ambayo sitayaandika, lakini katikati ya matusi yale akataja Munisagara, akataja mtoto, akataja nyoka, na kumbe ndiyo yaliyotakiwa. Hamisi akaondoka. Opereta akasubiri kidogo, kisha akapiga yeye mwenyewe, akamtafuta mzee kule kule alikopigia.

"Baba, gari limeshatoka. Shikamoo."

Kisha mzee akasema, "Marahaba. Sasa ndiyo najua kwamba ulizaliwa na watu." Na wakasalimiana, nakuambia, mpaka chai yangu ikapoa.

Alikuwa na shida nyingine, ya watu kutoamini kwamba hawaonekani. Anauliza, "Uko wapi?" Anajibiwa, "Hapa." "Hapa wapi?" "Hapa nilipo." Wengine walionyesha njia kwa kidevu. Alinifundisha kutambua. "Sikiliza," alisema, akanivika visikizio siku moja Bwana Posta akiwa Morogoro, "huyu amenyamaza, lakini nguo inasugua simu. Anaonyesha kwa mkono." Halafu akasema taratibu ndani ya simu, "Baba, huo mkono wako siuoni, nitajie mlima." Mtu yule alishtuka hadi akaiangusha simu.

Ukali huo wote hakuwahi kuutumia kwa wafugaji. Kijana mmoja wa Kimasai alipiga kutoka Dumila, kaka yake amechomwa na pembe ya dume. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na kila akiulizwa mahali anataja jina la baba yake tu. Mwingine angekata simu. Opereta akavua visikizio, akapangusa masikio, akavivaa tena, akauliza, "Ng'ombe wenu wanakunywa maji wapi?" Ah, hapo kijana akafunguka. Akataja mto, akataja mahali pa kuvukia, akataja mti ulioanguka na ng'ombe wa nani hupita hapo asubuhi. Hamisi alifika bila kuuliza mtu njia. Tangu hapo Opereta akawa na swali la kila aina ya mtu. Wakulima aliwauliza mashine yao ya kusaga iko wapi. Wanawake aliwauliza wanachota maji wapi. Wakristo aliwauliza mwinjilisti wao ni nani, halafu ananigeukia mimi.

Maana mimi nilikuwa daftari lake. Mwaka ule wa kuhamia vijijini mambo yalichanganyika. Watu waliondolewa vilimani, wakapangwa mistari kando ya barabara, na vijiji vikapewa majina ya karatasini. Lakini mtu ukimuuliza ghafla kwake ni wapi, anakutajia kule alikozika baba yake. Gari lilikwenda mara mbili likakuta magofu na maboga yaliyojiotea. Basi Opereta alikuwa akisikia jina, anafunika kinywa cha simu kwa kiganja, ananiuliza, "Mzee Lugome, mwenye mke anaitwa Eseli?" Nami najibu, "Hao walikuwa juu, sasa wako Kisanga, nyumba ya tatu kutoka kwa balozi wa nyumba kumi." Anaandika. Nilijisikia mtu siku hizo. Hakuna aliyewahi kunihitaji kwa kitu kingine zaidi ya vumbi.

Nje ya posta alikuwa mwanamke mwingine kabisa. Huyu huyu mkata salamu, ukikutana naye njiani umekwisha. Anasimama. Anaweka kikapu chini. Anapiga goti kwa mtu aliyemzidi hata mwaka mmoja, na anakuulizia mpaka kuku. Tukienda sokoni pamoja nilikuwa natangulia, nanunua vyangu, narudi, namkuta pale pale. Nikimtania anasema, "Nalipia madeni ya mchana." Na simu kwa ajili yake mwenyewe hakuitaka. Mama yake alikuwa Mpwapwa, na palikuwa na simu jirani naye, lakini alimwandikia barua kila mwezi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama yangu akiniambia kwenye simu kwamba hajambo, nitajua anadanganya. Kwenye barua siwezi kujua, nalala."

Aliweza kupika wali mzuri sana na chai mbaya sana. Aliimba sauti ya tatu kanisani. Alimwogopa bata. Hakuolewa, na watu walisema ni kwa ajili ya ule ulimi, ila mimi najua wawili walioomba na majina yao nayajua, na wote wawili aliwakataa kwa upole mpaka wakabaki marafiki zake.

Sasa nieleze la Damari, maana ndilo linaloniketisha kuandika.

Damari ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliolewa na Yoeli, kijana mpole kutoka upande wa Mikumi. Mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza, na Opereta alijua, kwa sababu kila asubuhi nilipompelekea chai nilimhesabia miezi. Baba yetu, Mzee Stefano, alikuwa bawabu wa hospitali. Simu ya hospitali ilikuwa kwenye kijumba chake cha mlangoni. Yeye hupokea, ndipo anamwita nesi. Kazi hiyo aliiheshimu kuliko shati lake la Jumapili.

Asubuhi moja ya masika Yoeli akapiga kutoka Mikumi, ameendesha baiskeli mpaka kwenye simu. Mimi nilikuwa chumbani humo, nasikia upande wa Opereta tu. Upande wa pili nilikuja kusimuliwa na wote. Yoeli hakumwambia Opereta kwamba ana mgonjwa. Aliomba hospitali, akamtaja Mzee Stefano kwa heshima, kama mtu anayetaka kumsalimia mkwewe. Opereta akamuunganisha. Sheria ilimtaka aondoke kwenye waya hapo hapo. Hakuondoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Habari za huko?"

"Njema, baba. Za hapo?"

"Njema. Mahindi?"

"Yanaendelea, baba."

"Na huyo binti yangu?"

"Yupo, baba. Ana homa kidogo."

"Poleni. Mpeni uji wa moto."

"Ndiyo, baba. Nilikuwa nauliza kama lile gari la wagonjwa linaweza kuja huku."

Hapo baba akakunja uso. Namjua, alikunja hata kama hakuonekana. Akamwambia Yoeli kwamba gari ni la wananchi wote, na bawabu hawezi kumtumia bintiye gari la serikali kwa ajili ya homa kidogo, watu wangesemaje? Na Yoeli, badala ya kusema neno lililomleta, akajibu, "Ndiyo, baba." Maana neno lenyewe lilikuwa la uzazi, na damu, na la binti wa yule yule anayeongea naye. Kwetu mkwe hamtamkii mkwe wake mambo hayo. Angetuma shangazi. Na kwenye simu huwezi kumtuma shangazi.

Opereta alikuwa ameshika kingo za meza. Nikamwona anavuta pumzi, kisha akaingia katikati ya wazungumzaji, kitu ambacho opereta hafanyi.

"Baba, nisamehe. Yoeli, ni mimi wa Kilosa. Wewe usitamke chochote. Jibu ndiyo au siyo. Damari amejifungua?"

Baba akauliza ni nani huyo. Hakujibiwa.

"Ndiyo," akasema Yoeli.

"Mtoto yu hai?"

"Ndiyo."

"Kondo la nyuma limetoka?"

Hakuna sauti. Akarudia.

"Siyo."

"Damu imesimama?"

"Siyo."

Niliacha ufagio ukaanguka. Opereta akaendelea, sauti ile ile, kama anauliza bei ya nyanya. "Mzee Stefano, mwite nesi." Lakini kule hospitali simu ilikuwa imekwisha kuachwa ikining'inia, baba alikuwa anakimbia uani akiita, mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

"Yoeli, mmemlaza wapi? Kijijini?"

"Siyo."

"Mlikohama? Kwa mama yako, juu?"

"Ndiyo." Na hilo nalo alikuwa amelificha, kwa kuwa kurudi kwenye nyumba za zamani kulikuwa kumekatazwa, na Damari alitaka kuzalia kwa mkwewe, penye mama wa kumshika.

Opereta akanigeukia. "Unaijua njia?"

Niliijua. Nilijua kila nyumba iliyokuwa kwenye mlima ule na waliolala ndani yake. "Basi kimbia," akasema. "Hamisi asikuache." Nikakimbia na aproni yangu ya posta, nikaikuta Landrova inanguruma, nesi ndani, baba ameshika mlango. Hakuniangalia. Alisema, "Ingia," basi.

Matope ya siku ile sitayasimulia, mkono wangu utachoka. Tulimkuta Damari ana rangi ya majivu, anatutazama kama watu wa mbali. Nesi alifanya kazi yake pale pale kwenye mkeka, kisha tukamshusha. Akapona. Mtoto naye, Mika, akakua. Lakini mwingine Damari hakumpata tena, na kwa hilo mimi nilimchukia Yoeli. Nilisema, kama angefungua kinywa mara ya kwanza! Kama hangekaa anasifia mahindi! Miaka na miaka akija nyumbani namwekea chakula, natoka nje. Alipofariki nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma ya watu.

Opereta alipewa barua ya onyo. Opereta hasikilizi mazungumzo ya watu, wala hayaingilii, na Bwana Posta alikuwa na wajibu wake. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama maji ya chai yamechemka. Lakini Jumapili yake alikuja kwetu, ambako Damari alikuwa akiuguzwa, amevaa kanga mpya, akapiga goti nje ya mlango.

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

Baba alikuja mpaka kizingitini. "Ulinivua nguo mbele ya mkwe wangu."

"Ndiyo, baba."

"Siwezi tena kumtazama."

"Ndiyo, baba."

"Na mwanangu anakula huko ndani. Nasikia kijiko."

"Ndiyo, baba."

"Basi ingia ule naye," baba akasema, na akatoka akaenda kutembea mpaka jioni. Opereta hakuingia. Alisema mgonjwa asisumbuliwe, akaondoka. Baadaye Damari akarudi kwake, na kwa namna mambo yalivyokwenda, yeye na Opereta hawakuonana uso kwa uso miaka yote hiyo.

Tukazeeka. Mitambo mipya ikaja, ubao wenye matundu ukaondolewa, Opereta akastaafu akaenda kukaa Dumila kwa binti wa dada yake, anayeuza chakula pale magari yanaposimama. Mwaka juzi nikapata habari kwamba miguu imemkataa. Nikamwambia Damari twende, hakuna kungoja. Tukapanda basi, vikongwe wawili na kuku mmoja.

Alikuwa amekaa nyuma ya banda la chakula, shuka miguuni. Masikio nayo yalikuwa yamechoka. Ilibidi nimsogelee mpaka mashavu yakaribie kugusana. Nikamwambia, "Nimekuletea Damari."

Alimtazama Damari. Mimi nilitegemea furaha. Badala yake uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa shaurini.

"Nilisubiri," akamwambia. "Siku ile. Nilijua tangu neno la kwanza. Mtu haendeshi baiskeli mpaka Mikumi kwa homa kidogo, na wewe mwezi wako niliujua. Lakini niliwaacha wasalimiane mpaka mwisho. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza wataniandikia barua. Nikasikia kwamba hukuzaa tena, na tangu hapo nahesabu zile salamu. Shikamoo, habari, mahindi. Nisamehe, mdogo wangu."

Mimi nikadakia, "Wewe usijitwike. Mwenye kosa ni Yoeli, alikuwa na kinywa na hakukitumia."

Damari akaniwekea mkono gotini. Alipoongea aliongea kwa sauti kubwa, ili Opereta asikie, na nadhani pia ili mimi nisikie.

"Mimi ndiye niliyemkataza," akasema. "Anatoka mlangoni nilimwambia, ukimkuta baba kwenye simu, sema ni homa. Nilimwapisha. Nilisema afadhali nife kuliko baba asikie hayo kutoka kwako. Yeye alilia, akaniambia Damari, unanifunga. Nikamfunga."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka yote hii unaniona namnunia."

"Hukuniuliza, dada. Na yeye alinikataza. Alisema, dada yako lazima amkasirikie mtu, acha anikasirikie mimi."

Nje basi la Dodoma lilikuwa linaita abiria. Mimi sikuwa na mahali pa kuweka macho. Nilitazama miguu ya yule kuku iliyofungwa kwa kamba. Nilikumbuka sahani zote nilizomwekea Yoeli na mgongo nilioupa kila sahani. Opereta alimshika Damari kiganja, akakikalisha katikati ya viganja vyake, na hakusema tena habari za kusamehewa. Alimuuliza swali moja, polepole, na akainamisha sikio lake zima kupokea jibu.

"Alikuwa mtu wa namna gani, huyo Yoeli?"

Damari akafikiri.

"Alimwogopa baba," akasema. "Alimwogopa sana. Lakini baiskeli ile haikuwa na breki, na ule mlima wote, kwenye tope, aliushuka nayo."